Walio Mbali Nao Wana Masikio

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hilo ni kweli, na wengi wetu tumelelewa nalo. Lakini wahenga hao walikuwa wakisema na watu wa mtaa mmoja, mkuu akizungumza barazani na kijana akimsikia. Je, yule ambaye neno la mkuu halikumfikia kabisa, akivunjika guu tumlaumu nani?

Swali hili lafaa kuulizwa kila itajwapo habari ya redio katika nchi yetu. Mtu aliyeko Nairobi au Mombasa akizungusha kidude cha redio yake hupata idhaa baada ya idhaa, hata hajui ashike ipi aache ipi. Moja yapiga muziki, ya pili yafanya mzaha, ya tatu yachambua siasa, ya nne yahubiri. Lakini mvuvi wa Kiwayu au Kiunga, mfugaji wa North Horr, mwana wa Waboni aliyeko Basuba au Mangai, na yule Mturkana aliyeko Lokitaung, hao huzungusha kidude hicho hicho wakapata mvumo na mkoromo, au wakapata sauti ya nchi jirani ikiwaambia habari zisizowahusu.

Basi twataka leo tulitazame jambo hili kwa utulivu. Wengi hudhani kwamba dawa ni kuongeza idhaa. Sivyo. Idhaa 100 zikiongezwa mjini hazimfai kitu aliye mbali. Aliye mbali ahitaji mambo manne: wimbi linalomfikia, lugha anayoielewa, saa inayomkuta ametulia, na njia ya yeye kujibu. Likikosekana moja kati ya hayo, redio yawa ni sanduku tu.

WALIOTAWANYIKA

Tuanze na ardhi yenyewe, maana asiyeijua njia hawezi kumlaumu msafiri kwa kuchelewa. Turkana na Marsabit, kila moja ina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 65,000. Ukizichukua Rwanda na Burundi ukaziweka pamoja, hazilingani na moja katika kaunti hizo mbili. Lakini sensa ya 2019 iliwahesabu watu 459,785 tu katika Marsabit nzima, na 926,976 katika Turkana. Mwaka huo huo jiji la Nairobi peke yake, lenye kilometa za mraba 700 hivi, lilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.

Huku kwetu Pwani mambo hayana tofauti kubwa. Kaunti ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa hiyo. Hao hawakukaa mahali pamoja. Wako Amu mjini, wako Matondoni na Shela, wako Pate, Siu, Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, wako Ndau na Kiwayu, na wengine wako bara kule Kiunga hadi mpaka wa Somalia. Kati ya kijiji na kijiji pana bahari, pana mikoko, pana msitu. Atakaye kupeleka habari hana budi kungoja maji yajae ndipo mashua ipite.

Mfanyabiashara akizitazama hesabu hizi hukunja uso. Husema watu ni wachache na gharama ni nyingi. Hesabu yake ni sahihi kwa biashara yake. Lakini hesabu ya taifa si hesabu ya duka. Daktari hamwachi mgonjwa kwa sababu nyumba yake iko mwisho wa njia, na serikali haimsamehe kodi mtu kwa sababu akaa mbali. Iweje habari ndiyo imsamehe?

TULIKOTOKA

Redio ilianza nchini Kenya mwaka 1928. Ilitangaza kwa Kiingereza, na waliotangaziwa walikuwa walowezi na watumishi wa serikali ya kikoloni. Mwafrika aliingizwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa kuwa vijana wake walikuwa vitani na wazee wao walitaka kujua hali zao. Yaani hata hapo mwanzo, mwenyeji alikumbukwa pale serikali ilipokuwa na haja naye.

Katika miaka ya 1950 zikawekwa idhaa za majimbo. Kisumu ikapata yake, Nyeri ikapata yake, na Mombasa ikapata Sauti ya Mvita, jina ambalo watu wazima wa Pwani wakilisikia hata leo hutabasamu. Humo ndimo watu walimosikia mashairi, taarabu, mawaidha na habari za mji wao kwa lafudhi waliyoizoea. Hapana shaka mkoloni alikuwa na lake jambo. Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na maneno yake dhidi ya ukoloni yalikuwa yakisikilizwa kwa makini katika baraza za Mwambao. Basi ikawa lazima masikio ya watu yavutwe upande wa pili. Lakini hata kama nia haikuwa njema, fundisho limebaki: palipokuwa na idhaa ya karibu, watu waliisikiliza.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, redio ya taifa ikaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Tuseme haki: kwa miaka mingi sauti hiyo ndiyo iliyomkumbuka mtu wa mbali. Ilitangaza kwa Kiswahili nchi nzima, na kwa Kisomali, Kiborana, Kirendile, Kiturkana na lugha nyingine ambazo hakuna mfanyabiashara angezitazama mara mbili. Matangazo ya vifo, ambayo vijana wa mijini huyacheka, ndiyo yaliyomwambia mtu aliyeko shambani au baharini kwamba mzazi wake amefariki na atazikwa lini. Hiyo haikuwa burudani. Ilikuwa ni huduma, na huduma kubwa.

WIMBI NA WIMBI SI MOJA

Ni vizuri msomaji ajue kidogo mambo ya mawimbi, maana humo ndimo shida ilimojificha.

Kuna mawimbi mafupi. Haya hurushwa juu, yakagonga tabaka la hewa lililo mbali angani, kisha yakarudi ardhini mahali pa mbali sana. Mtambo mmoja huweza kuifunika nchi nzima na nchi za jirani. Sauti yake hupanda na kushuka kama mtu anayezungumza huku upepo wavuma, lakini yafika. Kisha kuna mawimbi ya kati. Hayo mchana hutambaa juu ya ardhi, na usiku huruka na kurudi kama mafupi, ndiyo sababu usiku husikika idhaa za mbali ambazo mchana hazisikiki. Na mawimbi haya hupenda maji ya chumvi. Juu ya bahari huenda mbali zaidi kuliko juu ya mchanga mkavu. Ndipo mabaharia wa Lamu na Mombasa walipoweza kuisikia Unguja na Mogadishu kana kwamba ziko ng'ambo ya mlango.

Tena kuna mawimbi ya FM. Sauti yake ni safi, haina mkwaruzo, na mtambo wake ni rahisi. Lakini wimbi la FM huenda moja kwa moja kama mshale. Likikutana na mlima limekomeka. Ardhi ikijipinda, limekwenda zake angani. Mnara ukiwekwa juu ya kilima kirefu, utafika kilometa 50, au 100 ukibahatika. Nyuma ya kilima hakuna kitu.

Tangu 1996, serikali ilipoanza kuwaruhusu watu binafsi kurusha matangazo, karibu idhaa zote mpya zilikimbilia FM, na zikakimbilia mijini. Masafa ya Nairobi yakajaa hata pakawa hapana nafasi ya kupenyeza unyuzi. Huku nyuma mawimbi mafupi ya redio ya taifa yakazimwa, na mitambo ya mawimbi ya kati ikazeeka, kwa kuwa hula umeme mwingi na vipuri vyake ni adimu. Basi tukajikuta tuna idhaa nyingi kuliko zamani, na walio mbali wakiwa na sauti chache kuliko zamani. Wingi umeongezeka, upana umepungua.

MFANO WA AUSTRALIA

Si sisi peke yetu tulio na msiba huu, na yafaa tujifunze kwa wenzetu kabla hayajatufika zaidi. Australia ni nchi tajiri, na upande wake wa kaskazini ni jangwa na mbuga kubwa zenye watu waliotawanyika, wakiwemo wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Tangu miaka ya 1980 shirika la utangazaji la taifa, ABC, lilikuwa na mitambo mitatu ya mawimbi mafupi katika jimbo la Northern Territory: mmoja Katherine, mmoja Tennant Creek, na mmoja karibu na Alice Springs. Wafugaji, madereva wa malori, walinzi wa mbuga na wavuvi wa baharini walikuwa wakisikiliza humo.

Tarehe 31 Januari 2017 mitambo hiyo ikazimwa. Shirika likasema teknolojia hiyo imepitwa na wakati, na kwamba litaokoa karibu dola milioni 1.9 za nchi hiyo kwa mwaka. Wasikilizaji wakaambiwa watumie FM, au setilaiti, au simu. Wavuvi wakauliza: ni mnara gani wa FM ulioko katikati ya bahari? Wafugaji wakauliza: sahani ya setilaiti yafungwa juu ya farasi? Malalamiko yakafika hata bungeni, lakini mitambo haikuwashwa tena.

Hapo pana fundisho. Aliyeamua hakuwa na nia mbaya. Alitazama chombo, akaona kimezeeka. Hakumtazama mtu aliyekuwa upande wa pili wa chombo. Na lililowapata watu wa nchi yenye fedha nyingi kama ile, sisi tusijidanganye kwamba litatupita hivi hivi.

LUGHA NI SEHEMU YA WIMBI

Sasa tuseme wimbi limefika. Je, neno limefika?

Chukua taarifa ya hali ya hewa. Mtangazaji husoma kwamba upepo utavuma kutoka kusini mashariki kwa mwendo wa noti kadhaa, na kwamba mawimbi yatafika mita mbili na nusu. Kiswahili chake ni fasaha, na asiwe na lawama. Lakini nahodha wa Kizingitini hana noti za aina hiyo mfukoni. Yeye ajua kusi na kaskazi, matlai na umande, maleleji yaliyo kati ya pepo mbili, bamvua na maji mafu. Lau mtangazaji angesema kwamba kusi limekaza na bamvua limeangukia Ijumaa, wenye ngalawa wasitoke nje ya mwamba, kila mtu angeelewa, na pengine roho ingesalimika. Maneno haya si ya kubuni. Yamo katika lugha yetu tangu enzi za mitepe. Kinachotakiwa ni mtu wa kuyaingiza studio.

Vivyo hivyo kwa mfugaji. Ukimwambia kuna uwezekano wa asilimia 40 wa mvua kuwa chini ya wastani, umemwambia nini? Mwambie kwa lugha yake kwamba mwaka huu asiitegemee mvua, apunguze mifugo mapema, na visima fulani bado vina maji, hapo umesema naye. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana katika Pembe ya Afrika, na mifugo ilikufa kwa mamilioni. Redio haileti mvua. Lakini humwezesha mtu kuuza ngombe angali na nyama mwilini.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ililitambua jambo hili, ikasaidia kuanzisha idhaa ndogo za jamii chini ya mpango uitwao RANET, kama ile ya Kangema kwenye maporomoko ya ardhi, na ile ya Budalang'i kwenye mafuriko ya mto Nzoia. Huko watu huambiwa habari za mvua kwa lugha ya nyumbani, na mtangazaji ni mtu wa pale pale. Kanisa Katoliki nalo lina Redio Jangwani huko Marsabit na Redio Akicha huko Lodwar. Hizi ni juhudi za kusifiwa, na zaonyesha kwamba jambo lawezekana.

Tena lugha isiyosikika redioni huanza kuonewa haya na watoto wake. Mtoto husikia Kiingereza na Kiswahili vikitoka katika chombo chenye heshima, akadhani ile anayoisema mama yake ni ya jikoni tu. Waelmolo wa ziwa Turkana wameacha lugha yao ya asili na kushika Kisamburu. Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, lugha yao imo hatarini. Hatusemi kwamba redio peke yake ingeiokoa lugha. Ila nusu saa kwa juma, mzee akisimulia ngano na majina ya miti na nyuki wa msituni, ingekuwa ni hifadhi na ni heshima. Katiba ya 2010 yaiamrisha serikali ikuze na ihimize lugha za wenyeji. Amri hiyo haikusema lugha zenye wasemaji wengi tu.

SAA NA BARAZA

Jambo la tatu ni saa. Vipindi vingi vya maana hupangwa kwa saa za mtu wa ofisini. Mvuvi ameshatoka kabla ya alfajiri, mwanamke yuko kisimani, mchungaji yuko na mifugo katika fora, kambi za mbali na boma. Watu hawa hukaa chini baada ya Isha. Kipindi cha ukulima saa nne asubuhi chamfaa nani, ikiwa mkulima wakati huo yuko shambani na jembe mkononi?

Na huko mbali redio haisikilizwi na mtu mmoja akijifungia chumbani. Husikilizwa barazani, chini ya mti, au dukani. Tanzania ililijua hilo mapema. Mwaka 1973 nchi hiyo ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Redio ilitangaza masomo ya kuzuia maradhi, na watu wapatao milioni 2 wakajiunga katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kijitabu. Baada ya kusikiliza walizungumza, na baada ya kuzungumza wakashika majembe wakachimba vyoo na kusafisha visima. Redio ilikuwa moja, masikio yalikuwa mengi, na mikono ikafuata. Jambo lile halikuhitaji setilaiti. Lilihitaji mpango.

KUJIBU NI HAKI

Jambo la nne ndilo husahauliwa kuliko yote. Katika mila zetu, anayesema peke yake bila kuitikiwa huitwa mwenda wazimu. Mtu hubisha hodi, akaambiwa karibu. Hutoa salamu, akaitikiwa. Malenga hutoa shairi, na malenga mwenzake akamjibu. Redio ya mtu wa mbali nayo haina budi kuwa na hodi na karibu.

Kenya iliwahi kujaribu. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, idhaa ndogo ilifunguliwa Homa Bay ikitangaza kwa Kijaluo. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa redio za jamii za mwanzo kabisa Afrika. Watu walizungumza humo habari za afya zao, samaki wao na mashamba yao. Haikudumu, baada ya miaka michache ilifungwa, kwani zama zile serikali ilikuwa na wasiwasi na kila sauti isiyotoka Nairobi. Ikapita miaka mingi ndipo redio za namna hiyo zikarudi, kama ile ya Mang'elete huko Makueni ambayo ilianzishwa na vikundi vya kina mama. Kule Terrat, Simanjiro, katika nchi ya Tanzania, Wamasai nao wakapata Redio Orkonerei.

Idhaa ya namna hii ikiwapo, habari hupanda na kushuka. Ng'ombe akipotea hutangazwa. Kisima kikikauka mkuu huambiwa mbele ya watu wote, wala hawezi kusema hakupata barua. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019 walipitia Mandera, na waliowaona wa kwanza ni wachungaji, si wataalamu. Macho ya mtu wa mbali ni mali ya taifa, ila mpaka awe na mahali pa kusemea alichokiona.

REDIO NAYO YATAKA CHAKULA

Tusisahau chombo chenyewe. Wimbi likifika na betri ikiwa imekufa, hakuna redio. Huko mbali bei ya mawe ya redio hushindana na bei ya unga, na unga ndio ushindao. Mwingereza mmoja aitwaye Trevor Baylis, mnamo 1991, alitazama kipindi cha runinga kuhusu kuenea kwa UKIMWI Afrika, akasikia kwamba watu hawapati mafunzo kwa sababu redio hazina betri. Akabuni redio ya kuzungushwa kwa mkono kama cherehani ya zamani. Baadaye zikatengenezwa Afrika Kusini, na nyingine zikaongezewa kibao cha jua. Hiyo ni akili iliyoanzia kwenye shida ya msikilizaji.

Linganisha na habari ya WorldSpace. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilirusha setilaiti ya redio kwa ajili ya Afrika. Ilikuwa ni fikira kubwa: sauti safi kutoka angani, jangwani na visiwani sawasawa. Lakini kipokezi chake kilikuwa ghali kuliko mbuzi kadhaa, na redio ya kawaida haikuweza kuipokea. Mwaka 2008 kampuni ikafilisika. Chombo kilifika kila mahali isipokuwa mfukoni mwa maskini.

Leo twaambiwa simu ndiyo dawa. Simu ni neema, nasi hatuikatai. Lakini simu yataka mnara karibu, yataka umeme wa kuchajia, na ukisikiliza redio kwa mtandao yataka fedha kila dakika. Mnara ukianguka kwa mafuriko, simu zote huwa mawe. Redio ndogo ya mkononi yaendelea kusema.

GHARAMA YA KUTOSIKIA

Anayedhani haya ni mambo ya starehe na akumbuke tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la bahari lilitokea karibu na Sumatra, na mawimbi ya tsunami yakavuka Bahari Hindi. Yalichukua saa kadhaa kufika upande wetu. Katika saa hizo Kenya ilipata habari, vyombo vya habari vikatangaza, na polisi wakawaondoa watu pwani. Alikufa mtu mmoja. Somalia, ambako hapakuwa na serikali ya kutoa onyo wala sauti ya kulifikisha vijijini, walikufa karibu watu 300, wengi wao huko Hafun. Bahari ilikuwa ni ile ile, na siku ilikuwa ni ile ile. Kilichotofautiana ni habari.

Na akumbuke pia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO. Masomo yakapelekwa redioni, katika runinga na kwa mtandao. Mtoto wa mjini alipata vyote vitatu. Mtoto wa jangwani na wa kisiwani, ambaye ndiye redio ilimhusu zaidi, mara nyingi hakupata hata kimoja. Shule zilipofunguliwa wote wakaketi mbele ya mtihani mmoja.

LA KUFANYA

Basi tufanyeje? Hatuombi miujiza.

Kwanza, mitambo ya mawimbi ya kati ya taifa isiachwe ife kwa sababu tu si ya kisasa. Ikarabatiwe, na pale FM isipofika, hasa baharini na mpakani, ihesabiwe kuwa ni huduma kama barabara na hospitali.

Pili, idhaa ndogo za jamii zisaidiwe. Sheria ya mwaka 2009 iliunda mfuko maalumu wa kupeleka mawasiliano kule ambako biashara haifiki, na makampuni ya mawasiliano hutoa fungu katika mfuko huo. Redio ya kijiji nayo ni mawasiliano. Fungu dogo la fedha hizo lingeweza kuweka mtambo, vibao vya jua na ada ya leseni kwa vijiji vingi vya mbali.

Tatu, watangazaji watolewe miongoni mwa wenyeji, na wafundishwe kazi. Bingwa wa kusi na kaskazi akae na bingwa wa hali ya hewa, watoke na taarifa moja. Mzee wa Kirendile akae na daktari wa mifugo. Huo ndio utamaduni wenye faida, si ngoma za kuwachezea wageni peke yake.

Nne, kila kipindi cha mtu wa mbali kiwe na mlango wa kujibia: simu ya kikundi, mwandishi wa kijijini, au siku maalumu ya kurekodi sauti za watu barazani.

Katiba, katika kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari. Haikuandika kwamba haki hiyo ni ya anayekaa karibu na mnara. Tukifanya hivyo, asiyesikia la mkuu akivunjika guu tutamwambia kwa haki: ulisikia, ukapuuza. Kabla ya hapo hatuna la kumwambia, ila kumwomba radhi. Namalizia kwa beti hizi mbili, kwa wenye mamlaka ya mitambo:

Sauti iende pwani, na visiwani kufika,
Ipande na milimani, na jangwani kuvumika,
Mfugaji wa porini, apate kuelimika,
Walio mbali nchini, wana haki kusikika.

Msitwambie khabari, za miji kila wakati,
Kusi likija kwa shari, nani atupe sauti?
Tujulisheni hatari, kabla ya kuja mauti,
Walio mbali nchini, wana haki kusikika.